Hatua moja nyuma, hatua moja mbele: ufuatiliaji wa mazao ni nini

Neno "ufuatiliaji" tumelizoea kwenye ripoti za miradi, na huko maana yake ni kuangalia kazi inakwendaje. Kwenye usalama wa chakula lina maana nyengine. Ni uwezo wa kuichukua tungule (nyanya) iliyoko jikoni na kurudi nayo, mkono kwa mkono, mpaka kwenye tuta ilikochumwa. Na ukishafika pale kwenye tuta, uweze kusema tungule nyengine zilizochumwa siku ile zimekwenda kwa nani.

Mfano wake tunao mitaani kwetu Zanzibar, ambako kila mtaa au kijiji ni shehia na kiongozi wake ni sheha. Mtu akihamia shehia, sheha anatakiwa amjue: katokea wapi, kafikia kwa nani. Akihama, ijulikane kaelekea wapi. Sheha hahitaji kujua safari yote ya maisha ya mtu huyo. Akijua alikotoka na alikokwenda inatosha, kwa sababu sheha wa huko naye ana daftari lake. Ukiyaunganisha madaftari, safari nzima unaipata. Mazao hufuatiliwa hivyo hivyo: kila anayeshika mzigo ajue kaupokea kwa nani na kaupeleka kwa nani. Sheria ya chakula ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2002 inadai jambo hilo kwa kila mfanyabiashara wa chakula, na kifungu chenyewe kilianza kutumika tarehe 1 Januari 2005. Watu wa biashara hiyo hukiita kwa ufupi hatua moja nyuma, hatua moja mbele.

Sasa twende soko la Mwanakwerekwe, Unguja, alfajiri, mzigo unaposhushwa. Kuna tungule za Kinyasini, kuna za Bumbwisudi, na kuna zilizovuka bahari kutoka bara. Matenga yanafanana, lakini ukiinama utaona alama: hili limefungwa kipande cha kanga kwenye ukingo, lile limebandikwa kipande cha boksi chenye herufi mbili za wino. Wakulima wamejiwekea alama wenyewe ili fedha zao zisipotee. Dalali naye ana daftari. Anaandika jina la mkulima, idadi ya matenga na bei iliyofikiwa, maana jioni atahesabiwa. Yaani hatua moja nyuma tunayo tayari, na hakuna mradi uliotufundisha. Imeletwa na pesa.

Hatua ya mbele ndiyo inayokatika. Mchuuzi aliyechukua kwa mali kauli ameandikwa, kwa sababu anadaiwa. Aliyelipa taslimu ananyanyua tenga lake na kuondoka, na daftari halimjui. Akifika mezani kwake anamimina, anachagua kubwa kwa ndogo, anazifuta vumbi na kupanga mafungu. Fungu moja la tungule sita linaweza kuwa na mikono ya wakulima watatu, na kile kipande cha kanga kimebaki kwenye tenga tupu.

Nimewahi kuwapelekea mboga wenye hoteli, na hapa ndipo nilipojua uzito wa jambo hili. Asubuhi moja nilipeleka matango, mtunza stoo akafungua gunia, akanusa, akasema yana harufu ya dawa. Alikuwa na haki. Akaniuliza: "Haya ya nani?" Nilikuwa nimekusanya kwa watu wanne na kuyachanganya kwenye gari ili nipunguze magunia. Sikuwa na jibu. Yakarudi yote, na wiki ile wote wanne sikuwachukulia tena kitu. Watatu kati yao, kwa ninavyoamini mpaka leo, hawakuwa na kosa. Mmoja alikuwa mama wa makamo anayemwagilia kwa ndoo, na sikuwa na la kumwambia alipouliza kwa nini.

Tunasema samaki mmoja akioza, huoza wote. Sokoni methali hii hutimia hata kwa matango ambayo hayajaoza, kwa sababu tu hakuna anayeweza kuyatenga na lile lililooza.

Ndiyo maana kuna neno la pili linalokwenda pamoja na ufuatiliaji, nalo ni bechi. Bechi ni mzigo wenye historia moja: shamba moja, siku moja ya kuchuma, maji yale yale, dawa ile ile iliyopulizwa tarehe ile ile. Likitokea tatizo, bechi nzima ndiyo inayoondolewa, kwa hiyo kadiri ilivyo ndogo ndivyo hasara inavyopungua. Mimi kwa kuchanganya kwangu nilikuwa nimetengeneza bechi moja kubwa ya watu wanne bila kujua.

Tukio linalosomesha zaidi kuhusu haya lilitokea Ujerumani mwaka 2011, na ndani yake mna kitu tunachokijua vizuri majikoni mwetu: uwatu. Mwezi wa Mei watu walianza kuharisha damu na wengine figo zikafeli. Mpaka mwisho waliougua walipindukia 3,800 na waliokufa walizidi 50. Mwanzoni maofisa wa Hamburg waliyanyooshea kidole matango ya Hispania. Haikuwa kweli, lakini wakulima wa Hispania walikwishaona mboga zao zikitupwa, na Umoja wa Ulaya ukalazimika kutenga euro milioni 210 kuwafidia wakulima wa mboga.

Wachunguzi waliporudi kwenye karatasi, mkahawa baada ya mkahawa, ankara baada ya ankara, njia zote zilikutana kwenye shamba moja la kuotesha mbegu kaskazini mwa nchi. Mbegu zinazooteshwa huliwa mbichi kwenye saladi. Mwezi wa Juni wengine wakaugua karibu na Bordeaux, Ufaransa, nao walikula mbegu zilizooteshwa. Ankara za pande zote mbili zikafuatwa nyuma mpaka zikagongana: shehena moja ya uwatu kutoka Misri, tani 15. Maabara zilipima mbegu hizo na hazikumpata bakteria aliyeleta ugonjwa ule. Aliyetoa jibu alikuwa karatasi.

Nieleze na mpaka wake, kwa sababu wapo wanaodhani stika ya namba kwenye boksi ndiyo usafi. Ufuatiliaji haumuoshi mchicha uliomwagiliwa maji machafu, wala hauondoi dawa iliyopulizwa jana kwenye tungule inayochumwa leo. Hizo ni kazi za kanuni nyengine: maji, mikono, siku za kusubiri baada ya kupuliza. Wenyewe unakuonyesha tu pa kwenda kuangalia, na haraka, maana mboga mbichi huliwa siku mbili tatu baada ya kuchumwa. Jibu likija baada ya wiki, mboga zimeshaliwa na mji umeshaugua.

Mkulima wa tuta nne hahitaji kompyuta. Kwenye kipande cha boksi ndani ya tenga aandike jina lake au alama yake, shehia, tarehe ya kuchuma, na tarehe aliyopuliza dawa mara ya mwisho na jina la dawa. Dalali aongeze safu moja kwenye daftari lake: aliyenunua, hata kama kalipa taslimu. Mchuuzi amalize tenga moja kabla ya kumimina jengine. Mwenye gari, na hapa nasema na wenzangu tuliopita kazi hii, asifungue magunia ya watu akayafanya moja.

Kujua kama mnyororo wenu unafuatilika, fanyeni jaribio siku ya kawaida ambayo hakuna aliyeugua. Okoteni tungule moja mezani kwa mchuuzi na muanze kuuliza kurudi nyuma: umeipata kwa nani, lini, tenga lipi? Pale mtu atakapojibu "sokoni tu", wekeni daftari hapo.