Masika, kilimia na El Niño: dalili ipi ya kuaminiwa

Februari ikielekea ukingoni, swali huwa lile lile: mwaka huu kuna El Niño? Kwa mvua za masika, swali hilo halitupeleki mbali. El Niño hutamba zaidi wakati wa vuli, Oktoba hadi Desemba. Machi hadi Mei nguvu yake kwetu Afrika Mashariki hulegea, na mvua huamuliwa na mambo ya muda mfupi: ukanda wa mvua unaolifuata jua kutoka kusini kwenda kaskazini, mawingu ya mzunguko wa Madden-Julian yanayoizunguka dunia kwa siku 30 hadi 60, na vimbunga vya Bahari ya Hindi.

Kimbunga chaweza kuleta mvua, chaweza pia kuinyima nchi mvua. Inategemea kimekaa wapi. Machi 2019 Idai kilikuwa kwenye mlango bahari wa Msumbiji, kikavuta unyevu kuelekea kusini, na masika ya Kenya na kaskazini mwa Tanzania yakachelewa. Mei 2024 Hidaya kilisogea hadi Mafia, kikamwaga maji mpaka barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ikakatika. Wapo wanaoshikilia kwamba pwani yetu haina vimbunga. Ni adimu kweli, kwa sababu karibu na ikweta mzunguko wa dunia hausaidii upepo kujiviringa. Lakini tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha mikarafuu kwa wingi, huku Pemba ikisalimika kwa sehemu kubwa; na Aprili 1952 ikawa zamu ya Lindi. Vimbunga hivyo vitatu vilivyotupiga vimeangukia tanga mbili, upepo wa kaskazi ukiwa umekwisha na wa kusi haujakaza, bahari ikiwa bado na joto la kiangazi.

Dalili za wazee nazo zina hesabu ndani yake. Wapwani husema: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kundi hilo la nyota hupotea magharibi baada ya machweo mwanzoni mwa Mei, kisha huonekana tena alfajiri upande wa mashariki mwanzoni mwa Juni. Katikati pana kama siku 35. Nyota hazileti mvua, ila muda huo unakaribiana na mwendo wa mawingu ya Madden-Julian tuliyoyataja. Mzunguko ukiwa wa siku 60, baada ya mwezi na kitu hali huwa imegeuka, na msemo umepatia. Ukiwa wa siku 35, hali itakuwa imerudi pale pale, na msemo umekosea.

Miongo, yaani mafungu ya siku kumi kumi ya kalenda ya jua ya Waswahili, ni chombo bora zaidi, ila kina hitilafu moja. Mwaka wa kalenda hiyo, uitwao Nairuzi, una siku 365: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano juu yake. Hauna mwaka mrefu, hivyo kila baada ya miaka minne hurudi nyuma siku moja. Katikati ya karne ya 19 ulianza mwishoni mwa Agosti. Leo Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya huo kule Makunduchi, Unguja, huadhimishwa Julai. Mkulima anayepanda kwa mwongo ule ule aliorithi kwa babu wa babu yake, bila kuurekebisha, atafika shambani zaidi ya mwezi mmoja kabla ya wakati.

Kupanda mapema hivyo ndiko kunakopoteza mbegu: manyunyu ya kwanza huziotesha, kisha jua la siku kumi huzikausha. Kumbikumbi wakiruka wanakuambia ardhi imelowa, si kwamba mvua itaendelea. Chimba sentimita 15, ukamate udongo na kuufinya. Ukisambaratika ukifungua kiganja, subiri. Mkebe wenye kuta zilizonyooka na rula vinatosha kupima mvua. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo milimita 50 kwa saa 24, kiwango ambacho Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hukiita mvua kubwa, humwaga lita 3,000 kutoka paa la mita 6 kwa 10. Ukiona maji hayo yote yanaishia kwenye msingi wa nyumba, jua mfereji wako umeziba.

Kuhusu radi, kufunika kioo au kuvua nguo nyekundu hakumkingi mtu. Hesabu sekunde kutoka mmweko hadi ngurumo, ugawe kwa tatu, unapata kilomita. Sekunde zikipungua 30, ingia nyumba ya matofali au gari lililofungwa, na usitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Banda la makuti halisaidii, wala mwembe: umeme ukishuka kwenye mti husambaa ardhini, na ng'ombe hufa kwa wingi kwa kuwa miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana sana.

Kwa wavuvi wa dagaa Ziwa Victoria, anga safi ya jioni si kibali cha kukesha ziwani. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, pepo za pande zote hukutana juu ya ziwa lenye joto, na mawingu ya radi hujijenga hapo usiku wa manane hadi alfajiri, saa ambazo karabai bado zinawaka.