CyberCorps si skolashipu ya bure, na anayedhani hivyo asome mkataba

Ujumbe umeingia tena, safari hii kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: "Shikamoo shangazi, nasikia huko Marekani serikali inasomesha usalama wa mtandao bure na juu yake inakulipa. Niunganishe." Marahaba mwanangu. Kwanza, huwezi kuunganishwa. Mpango huo, CyberCorps Scholarship for Service, ni wa raia wa Marekani na wenye ukaazi wa kudumu tu. Wewe tafuta chuo kitakachokupa kazi ya usaidizi wa utafiti. Wengi wetu tulipita njia hiyo. Pili, imani hii ya ubure nimeichoka. Naikuta kwa wanafunzi wangu Wamarekani, kwa wazazi wao, na hata kwa walimu wenzangu ambao hawana kisingizio.

Historia kwa kifupi. Mwaka 1998 Rais Clinton alitoa agizo la kulinda miundombinu muhimu ya nchi. Serikali ikajikuta haina watu wa kutosha wa kuilinda, na 2001 vyuo vya kwanza vikaanza kupokea wanafunzi, Tulsa kule Oklahoma kikiwamo. Fedha zinatoka NSF, mfuko wa taifa wa sayansi, na OPM, ambayo ndiyo ofisi yao ya utumishi, inafuatilia wahitimu. Chuo kinaandika andiko, kinashindanishwa na vyuo vingine, na kikishinda ndipo kinachagua wanafunzi. Ada inalipwa, na posho ni dola 27,000 kwa mwaka kwa wa shahada ya kwanza, 37,000 kwa wa uzamili na uzamivu, kwa miaka isiyozidi mitatu.

Wengi huishia hapo kusoma, wakaanza kupiga hesabu za posho.

Kumbe miaka uliyosomeshwa unailipa kwa miaka ileile ya utumishi serikalini. Usipotumikia, fedha zote zinageuka mkopo wenye riba. Hapa serikali inanunua mpunga ungali kijani shambani. Inalipa mapema kwa sababu inajua ikingoja mavuno, mabenki na kampuni za teknolojia zitapanda dau na yenyewe itabaki na pumba. Sina ugomvi na biashara hiyo. Mkulima amepata fedha za palizi, mnunuzi amepata uhakika, na wote wamesaini.

Lakini mnunuzi asipotokea siku ya kuvuna? Tarehe 20 Januari 2025 Rais Trump alisimamisha ajira mpya za kiraia katika serikali kuu. CISA, wakala wa serikali kuu wa usalama wa mtandao, ambao mwanafunzi wa fani hii huuwaza kabla ya wengine, nao ukaanza kupunguza watu. Wapo wahitimu waliokuwa wameahidiwa kazi, ahadi zikafutwa. Wakati huohuo mkataba unawapa miezi 18 baada ya kuhitimu wawe wamepata ajira inayokubalika. Yaani aliyefunga mlango wa ajira ndiye huyohuyo atakayekudai kupitia dirisha lingine kwa kuwa hukuingia.

Nikisema hivi, kuna mtu lazima aseme, "Si waende kwenye majimbo?" Wapo wanaokwenda, na utumishi huo unahesabika. Ila mpango unavitaka vyuo vipeleke sehemu kubwa ya wahitimu serikali kuu. Majimbo, miji na ualimu vimewekewa kiasi. Huwezi kuwamwaga wote huko halafu useme mambo yameisha.

"Basi wangesoma mkataba." Walisoma! Nilikaa nao mezani, kifungu kwa kifungu. Mkataba unamwambia mwanafunzi kwamba kutafuta kazi ni jukumu lake. Hakuna mahali serikali inapojifunga kuwa na kazi ya kumpa. Kijana wa miaka ishirini amebeba hatari ya sera ya ajira ya taifa zima, halafu tunamwambia amesomeshwa bure.

Upekuzi wa usalama kabla ya ajira nao siugusi sana: fomu ya SF-86 inayotaka kujua ulikoishi na ndugu ulionao nje, miezi ya kusubiri, na wale waliovuta bhangi katika jimbo linaloiruhusu wakasahau kwamba sheria ya serikali kuu haijaihalalisha. Kila mwaka nawaonya. Kila mwaka mmoja anacheka.

Kuna jambo ambalo silisemi kwenye vikao vya tathmini. Mafanikio yetu yanahesabiwa kwa wahitimu walioajiriwa serikalini, na namba hiyo hainiambii kama wanaiweza kazi. Kijana anasoma pakiti za data zinazopita mtandaoni kwa programu ya Wireshark vizuri kabisa darasani, ila sina hakika atafanya nini saa nane za usiku SOC, yaani chumba cha kufuatilia mashambulizi, ikiwa imejaa alamu na nusu yake ni za uongo. Maabara inayoweza kumpima hivyo inahitaji mtu wa kuihuisha kila muhula, na fedha za kumlipa mtu huyo ndizo ngumu kuliko zote kupatikana. Posho ni rahisi kuitetea bungeni. Mshahara wa fundi wa maabara nani ataupigia debe? Matokeo yake mashine pepe zinabaki na udhaifu wa miaka iliyopita na wanafunzi wanarithishana majibu.

Sasa wapo wanaotaka Tanzania iige mpango huu. Wanafunzi wa kuanzia wapo. UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, tayari inafundisha shahada ya usalama wa mtandao na uchunguzi wa kidijitali. Ila msianze na posho. Anzeni na ikama, yaani idadi ya nafasi za kazi. Nafasi ziwe zimeidhinishwa na zina kasma ya mshahara kabla kijana hajashika kalamu, na ijulikane mapema kama atapitia usaili wa Sekretarieti ya Ajira kama wengine wote au la. Kisha kiandikwe kifungu ambacho Wamarekani hawakukiandika: serikali ikisimamisha ajira, miezi ya mhitimu inasimama pia, na riba haianzi.