Simu ikikwambia ulikaribiana na mgonjwa, nani mwingine anajua?

Umepanda Coaster ya Moshi kwenda Arusha. Jirani yako wa siti humjui, naye hakujui. Siku chache baadaye anapimwa, anakutwa na Korona. Afisa wa afya akimuuliza alikaa na nani, atakutajaje?

Pengo hilo ndilo lililozaa programu za simu za kumjulisha mtu kwamba amekaribiana na mgonjwa. Mwaka 2020 Apple na Google waliungana kuandaa mfumo mmoja wa kazi hiyo, na nchi kama Ujerumani na Afrika Kusini zikautumia.

Mfumo huo ulifanya kazi hivi: simu hurusha kwa Bluetooth namba ya kubahatisha, inayobadilika kila baada ya dakika 10 hadi 20 hivi, huku ikiokota namba kama hizo zinazorushwa na simu zilizo jirani. Zote hubaki ndani ya simu kwa siku 14. Hakuna jina, hakuna namba ya laini, wala haiandikwi kwamba mlikuwa Boma Ng'ombe au Usa River. Mgonjwa akithibitishwa, na akiridhia mwenyewe, simu yake hupeleka kwenye seva, yaani kompyuta ya pamoja mtandaoni, funguo za siri zilizozalisha namba zake. Simu yako huzishusha na kulinganisha yenyewe. Zikioana, na kama mlikaa karibu muda wa kutosha, unapata ujumbe. Ni nani, haikwambii, maana haijui.

Kwa hiyo swali la faragha ni moja: ulinganishaji unafanyikia wapi, kwenye simu yako au kwenye seva? Singapore ilianza Machi 2020 na programu yake, TraceTogether, ambayo kumbukumbu za mgonjwa zilipelekwa serikalini. Wananchi walihakikishiwa kuwa ni za kufuatilia maambukizi tu. Januari 2021 serikali ikakiri kwamba polisi wanaweza kuzichukua kwa upelelezi wa jinai. Mwezi uliofuata ikabidi itungwe sheria ya kuwawekea mipaka. Kwetu, ambako laini husajiliwa kwa alama za vidole, orodha yoyote ya namba za simu iliyo mikononi mwa serikali ni orodha ya watu. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayozihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Ni vizuri, ila mimi ningeamini zaidi taarifa ambayo haikukusanywa kabisa.

Hata mfumo wa Apple na Google ulikuwa na matundu. Kama siku hizo ulikaa na mtu mmoja tu, ujumbe umeshamtaja. Bluetooth hupenya ukuta wa mbao, hivyo jirani wa chumba cha pili anaweza kuhesabiwa kana kwamba mlikaa pamoja. Simu nyingi za Android zilidai uwashe huduma ya mahali ulipo ndipo Bluetooth itafute simu nyingine, ingawa programu yenyewe haikuchukua mahali hapo. Watu wakashtuka, na siwalaumu. Mwenye kitochi ndiyo hayumo kabisa, hata akiwa yeye ndiye aliyekohoa.