Uwanja "haufai kuchezewa": maana yake katika kriketi

Mvua ikinyesha uwanjani, wengi hudhani kriketi husimama kwa sababu nyasi zimelowa. Sivyo. Kanuni ya 2.7 ya Sheria za Kriketi, ambazo hutunzwa na klabu ya MCC ya London, inatamka kwamba nyasi na mpira kulowa hakutoshi kuufanya uwanja usifae. Waamuzi wawili walio uwanjani ndio pekee wanaoamua, na hupima mambo mawili: je, kuna hatari kwa mtu yeyote? Na kama hakuna, je, bado itakuwa busara kucheza?

Sheria imetaja pia dalili za kutazama. Uwanja ukiteleza hadi mrushaji akakosa pa kukanyaga kwa uhakika, au wadakaji wakashindwa kukimbia na kugeuka, au mpigaji akashindwa kupiga ama kukimbia kati ya wiketi (vijiti vitatu vilivyosimikwa kila upande), mchezo hauchezwi. Moja tu kati ya hayo linatosha.

La mrushaji ndilo zito kuliko yote. Mrushaji wa kasi huja mbio, kisha hushindilia mguu wa mbele chini kwa nguvu inayozidi uzito wake mara kadhaa. Udongo ukiwa laini, mguu huponyoka mbele huku kiwiliwili kikiendelea kujipinda, na hapo goti, kifundo au kinena huumia vibaya. Ndiyo maana mwamuzi makini huanza ukaguzi pale anapotua mrushaji, wala si katikati ya uwanja. Hukandamiza kisigino: kikizama, au maji yakichomoza pembeni mwa kiatu, bado.

Pichi yenyewe, yaani kile kipande kigumu chenye urefu wa mita 20.12 na upana wa mita 3.05, ina tabia yake. Ni udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa kwa rola. Ukilowa kisha jua likawaka, juu hufanya ukoko na chini hubaki laini. Mpira unaodunda hapo huweza kuruka ghafla kuelekea usoni au kubadili mkondo, na mpigaji hana njia ya kukadiria. Agosti 1968, kwenye uwanja wa The Oval, London, mvua kubwa ilifurika uwanja siku ya mwisho ya mechi ya Uingereza na Australia. Watazamaji waliingia kusaidia kukausha maji, na pichi ilipoanza kukauka Derek Underwood, mrushaji wa Uingereza, aliwamaliza Waaustralia: wiketi 7 (yaani aliwatoa wapigaji saba) kwa mikimbio 50, ambayo ndiyo pointi walizompata, zikiwa zimebaki dakika chache tu.

Siku hizi pichi hufunikwa. Kosa la klabu nyingi ni kufunika pichi na kusahau njia za warushaji pande zote mbili. Kwenye viwanja vyenye zulia la plastiki juu ya zege kosa hili huonekana wazi: zulia hukauka mapema, lakini udongo anaokanyaga mrushaji kabla ya kulifikia ni tope. Turubai liwekwe kabla tone la kwanza halijaanguka, na wakati wa kuliondoa maji yakusanywe upande mmoja na kumwagwa mbali, yasiburutwe juu ya pichi. Jua likitoka, liondolewe haraka, maana unyevu hutoka udongoni na kugeuka matone chini ya turubai, pichi ikalowa tena bila mvua. Rola isipitishwe kwenye udongo mbichi. Hunata na kung'oa uso wa pichi. Sehemu za kukanyaga huruhusiwa kutiwa maranda ya mbao.

Manyunyu mepesi yana utata zaidi. Mpira wa ngozi ukinyonya maji huvimba na kuteleza vidoleni, na mrushaji wa mpira wa kuzungusha ndiye huathirika kwanza. Upande unaopiga unapata faida usiyoitolea jasho. Kuukausha kwa taulo kunaruhusiwa, lakini mvua isipokoma taulo nalo hulowa. Kwa maoni yetu, hapo waamuzi wasimamishe. Ngurumo zikianza, kama ilivyo kawaida masika, hakuna mjadala: watu watoke, na wasirudi kabla ya dakika 30 kupita tangu ngurumo ya mwisho.

Haraka ya kurudi haina msingi, kwa kuwa mechi huweza kupunguzwa. Kimataifa, ile ya ova 50 (ova moja ni mipira sita inayorushwa) huhesabika kila upande ukipata nafasi ya ova 20. Ya ova 20 huhitaji 5. Shabaha, yaani mikimbio inayotakiwa ili kushinda, hukokotolewa upya kwa mbinu ya Duckworth, Lewis na Stern, inayozingatia ova zilizobaki pamoja na wiketi ambazo hazijaanguka. Kabla ya mbinu hiyo kuwapo, mwaka 1992 mjini Sydney, Afrika Kusini ilihitaji mikimbio 22 kwa mipira 13 katika nusu fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya Uingereza. Mvua ilinyesha kwa dakika chache, na waliporudi walitakiwa kupata 21 kwa mpira mmoja.