Onyo la antivairasi si tangazo la msiba

Juzi jirani yangu wa Langoni, hapa Lamu, alinijia na laptopu kwapani, uso umemsawijika. "Mwanangu, imeingia virusi. Niifute yote?" Kwenye skrini antivairasi, yaani programu ya kuilinda kompyuta na virusi, ilikuwa imeandika: tishio limepatikana.

Wengi hudhani onyo likitokea basi kompyuta imeshaharibika. Aghalabu ni kinyume chake: mwizi amekamatwa mlangoni. Tulifungua historia ya ulinzi ya Microsoft Defender, antivairasi iliyomo ndani ya Windows tangu toleo la 8 la mwaka 2012. Faili lilitoka kwenye flashi aliyokwenda nayo saiba kuchapisha barua za madrasa. Kila folda ya flashi hiyo ilikuwa imegeuka kijia cha mkato (shortcut), barua hazionekani. Mbele ya jina la faili: limewekwa karantini. Yaani limefungiwa mahali lisipoweza kujiendesha.

Maneno ya kukutia wasiwasi ni mengine: hatua inahitajika. Hapo programu inakungoja wewe uamue. Tishio lile lile likirudi kila siku, pia kuna kitu kinachoendelea kulizalisha. Fanya ukaguzi kamili, hata ukichukua saa nzima.

Na lile onyo la ndani ya kivinjari, linalolia king'ora na kukupa namba ya simu ya kupiga? Hilo si antivairasi hata kidogo, ni matapeli. Lifunge.

Barua je? Hazikupotea. Kirusi kilikuwa kimezificha tu. Tuliamuru vilivyofichwa vionekane, zikatokea zote, mama jirani akacheka peke yake.