"Kuziro" mashine ya kupima moshi wa gari ni kufanya nini?

Kuna watu wakisikia fundi anasema "ngoja niiziro kwanza" wanadhani anafuta settingi zote, sio hivyo. Kuziro ni kuionyesha mashine hewa safi, ile isiyo na kaboni monoksaidi wala mafuta yasiyoungua, halafu inashika kwamba hapo ndo sifuri, na oksijeni isome karibu 20.9% maana ndo iliyopo hewani siku zote. Iwashe kwanza ipate moto, ikiwa bado baridi sifuri yake inahamahama. Sasa ukiiziro ndani ya gereji iliyojaa moshi umeidanganya, gari litakalofuata litasoma kaboni monoksaidi ndogo kuliko iliyopo.

Watu wanachanganya hii na kukalibreti. Kukalibreti ni kuilinganisha mashine na gesi inayojulikana, unahitaji mtungi wa gesi ambayo kiwango chake kimeandikwa kwenye lebo, na gesi yenyewe ina sumu, usiifungulie chumbani.

Haya, imeziro vizuri lakini kila gari CO2 (kaboni dayoksaidi) iko chini na oksijeni juu, ndo unaona mtu ameshashika bisibisi! Tulia. Gari la petroli lililo sawa CO2 inacheza 14 hadi 15%, oksijeni hata 1% haifiki, kwa hiyo ukiona CO2 10 na oksijeni 6 ujue kuna hewa inaingia njiani, mpira wa kupitisha moshi umepasuka au oringi (pete ya mpira) ya kile kikombe cha kudaka maji haijakaa, au tu hukuingiza bomba la kuvutia moshi ndani vya kutosha kwenye ekzosi. Likiwa gari moja tu basi angalia ekzosi yake. Yakiwa yote, ziba ncha ya lile bomba halafu fanya jaribio la kuvuja lililopo kwenye menyu, mashine nyingi zinalo.

Ikigoma kabisa kufika 20.9 kwenye hewa safi na hakuna kilichoziba, mara nyingi ni sensa ya oksijeni imekwisha, inaisha kama betri hata kama mashine imekaa tu. Kabla ya kuibadilisha zima, chomoa waya ukutani, subiri kidogo maana kapasita za pawa saplai zinabaki na chaji. Ile ya zamani usiitoboe kuona kuna nini, kuna madini ya risasi na maji yanayounguza ngozi. Na wakati wa kujaribu na gari linalounguruma fungua milango yote, kaboni monoksaidi haina harufu, kichwa kikianza kugonga toka nje kwanza, gari utalizima baadaye.