Kisukari na figo: kukojoa vizuri si kipimo

Figo hufanya nini?
Huchuja damu. Kila figo ina vichujio vidogo takriban milioni moja. Kwa siku moja figo zote mbili huchuja kama lita 180 za maji, karibu yote yakarudi mwilini, na kinachobaki ndio mkojo.

Sukari inahusikaje?
Ikikaa juu muda mrefu, inaharibu vichujio hivyo na protini iitwayo albumini inaanza kuvuja kwenye mkojo.

Lakini nakojoa vizuri na siumwi popote.
Ndilo ninalolisikia kila kliniki. Hapana. Figo inayoharibiwa na sukari haiumi. Tena sukari ikiwa juu unakojoa zaidi, kwa hiyo mkojo mwingi usikutulize hata kidogo.

Mkojo wangu ni mweupe kabisa.
Hapana pia. Albumini ya mwanzoni haionekani kwa macho. Ukishaona povu lisiloisha, huenda inavuja nyingi.

Basi nisubiri miguu ivimbe ndipo nije?
Tafadhali, usisubiri! Wanaokuja wakiwa wamevimba, mara nyingi tunazungumza nao habari za kusafishiwa damu kwa mashine, na familia nzima inaanza kuhangaika. Njoo ukiwa mzima.

Nipime nini?
Albumini kwenye mkojo na kreatinini (taka ambayo figo huiondoa) kwenye damu, angalau mara moja kwa mwaka. Mwenye kisukari aina ya pili aanze siku ile ile anapogundulika. Presha ipimwe kila unapokuja.

Ikionekana inavuja?
Tunaishusha sukari na presha. Dawa za presha kama enalapril au losartan hupunguza kuvuja. Sukari ikishuka usiache dawa za sukari kwa kujiamulia; imeshuka kwa sababu unazitumia.

Maumivu ya mgongo je, ninywe diklofenaki?
Usijinunulie dukani. Diklofenaki na ibuprofen huziumiza figo zilizokwisha kuchoka. Na ile mizizi ya kuchemsha uliyopewa na jirani, usitufiche. Kliniki ijayo beba vyote unavyotumia, vidonge na chupa, tuviangalie pamoja.